Kirukia cha Usui: Mmea uliotafutiwa ukoo kwa zaidi ya karne moja

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara wa John Hanning Speke na James Augustus Grant ulikwama Usui. Mtawala wa nchi hiyo, Suwarora, alitaka alipwe hongo yake kamili kabla ya kuwafungulia wageni njia ya kwenda Karagwe, na majadiliano yakavuta siku. Speke alikuwa na haraka ya kukiona chanzo cha mto Nile. Grant alikuwa na kazi ya ziada: popote msafara ulipopita alichuma mimea, akaikausha katikati ya karatasi na kuandika ilikotoka. Mizigo hiyo ilisafiri kwa migongo na vichwa vya wapagazi, na mwaka 1863 msafara ukaibukia Misri kwa njia ya mto Nile.

Usui haimo tena kwenye ramani za leo. Eneo lake limo ndani ya mkoa wa Kagera, upande wa Biharamulo, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Hata hivyo jina lake linaendelea kuandikwa katika vitabu vya botania duniani kote, na sababu ni kirukia kimoja. Miaka ya 1870 Daniel Oliver, mtunzaji wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya bustani ya Kew mjini London, aliichambua mimea ya msafara ule kwa ajili ya jarida la Linnean Society. Kirukia kilichotoka Usui akakiita *Loranthus usuiensis*. Leo mmea huohuo unaitwa *Phragmanthera usuiensis*.

Kuna watakaouliza mabadiliko ya jina la Kilatini yanamhusu nini mkulima wa Karagwe au Murang'a anayetazama juu ya mparachichi wake huku ameshika panga. Yanamhusu sana. Kabla ya kuamua kirukia kikatwe au kiachwe, na kikikatwa kikatwe vipi, lazima tujue ni kipi hasa. Elimu ya uainishaji ndiyo inayotupa jibu hilo, na kirukia cha Usui ni mfano mzuri wa namna jibu lenyewe lilivyopatikana kwa taabu.

Maisha ya juu ya tawi

Kirukia huishi na kufa bila kugusa ardhi. Maisha yake huanza ndani ya mdomo wa ndege. Matunda yake madogo hupendwa na vitororo, jamaa wadogo wa zuakulu, ambao hulila tunda zima na baada ya muda mfupi kuirudisha mbegu mdomoni. Mbegu hiyo hutoka ikiwa bado imevikwa ulimbo mzito. Inamng'ang'ania ndege mdomoni, naye hana njia ya kuiondoa ila kuipangusa kwenye tawi alilosimama. Hapo upandaji umekamilika.

Mbegu yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu. Mbegu za kawaida, kama za maharage au mahindi, zina ganda linalozilinda na kuzilaza mpaka wakati wake ufike. Mbegu ya kirukia cha familia hii haina ganda la kweli. Ndani yake kiinitete ni cha kijani tangu mwanzo, tayari kwa kazi. Haisubiri mvua wala udongo. Ikinata juu ya waya wa umeme itaota vilevile, kisha itakufa kwa kukosa chakula. Ikinata kwenye tawi la mti unaoifaa, kimzizi chake hujikunja kukimbia mwanga na kulielekea gamba. Ncha ya kimzizi hupanuka, hujigandamiza juu ya gamba hilo, na kutoka katikati yake hupenya kiungo cha kunyonyea ambacho wanabotania hukiita hostoria. Kiungo hicho husonga mpaka kikutane na mishipa inayopandisha maji ndani ya mti.

Kuanzia siku hiyo kirukia kina bomba lake la maji na madini. Sukari hujitengenezea chenyewe, maana majani yake ni ya kijani na hutumia mwanga wa jua kama ya mmea mwingine wowote. Ndiyo maana wataalamu hukiita nusu-kimelea. Lakini ili maji yaendelee kuja upande wake, lazima kivute kwa nguvu kuliko matawi jirani, na hilo hufanyika kwa kupoteza maji mengi zaidi kupitia majani. Wakati wa kiangazi, mti mwenyeji unapoanza kufunga vitundu vya majani yake ili kubana matumizi, kirukia huviacha vyake wazi. Mkulima huona matokeo yake: sehemu ya tawi iliyo mbele ya kirukia hudhoofika, hupunguza matunda, na hatimaye ncha hukauka.

Jina moja kwa wote

Mwanabotania wa Uswidi, Carl Linnaeus, alilitumia jina la *Loranthus* katika kitabu chake cha mwaka 1753. Kwa muda mrefu baada yake, karibu kila kirukia chenye maua makubwa ya rangi kilichokusanywa katika nchi za joto kiliwekwa chini ya jina hilo. Oliver alipokiita kirukia cha Usui *Loranthus*, alifanya kama wenzake wote wa wakati ule.

Orodha ikawa ndefu. Vielelezo kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani vilimiminika Berlin, ambako Adolf Engler alivipa majina kimoja baada ya kingine. Engler hakuwa mtu wa kukaa na karatasi tu: mwaka 1902 alifika mwenyewe hadi milima ya Usambara. Kirukia kilichotoka Sigi, karibu na Amani mkoani Tanga, alikiita *Loranthus sigensis*. Kwake *Loranthus* ilikuwa jenasi moja kubwa yenye vitengo vingi ndani.

Mjini Paris, Philippe van Tieghem alikuwa na maoni tofauti kabisa. Miaka ya 1894 na 1895 alichapisha mfululizo wa makala akiipasua *Loranthus* kuwa jenasi nyingi ndogo. Miongoni mwa majina aliyoyatoa mwaka 1895 ni *Phragmanthera* na *Erianthemum*, ambayo yote mawili yanatumika mpaka leo. Wenzake wengi waliona amezidisha. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya tropiki, katika sehemu iliyotolewa kuanzia mwaka 1910, kilibaki na *Loranthus* kwa virukia vyote vya kundi hili, na wasomi wakafuata kitabu.

Mgeuko ulianza mwaka 1933, pale B. H. Danser wa Uholanzi alipochapisha mfumo mpya wa jenasi za familia nzima na kuzifufua nyingi za van Tieghem. Simone Balle wa Ubelgiji akaendeleza kazi hiyo kwa virukia vya Afrika. Baadaye M. G. Gilbert, aliyeandika juu ya virukia vya Ethiopia, akakihamisha kirukia cha Usui rasmi kwenda *Phragmanthera*. Mwaka 1998 Roger Polhill wa Kew na Delbert Wiens wa Marekani walitoa kitabu kikubwa kuhusu virukia vya bara zima, nacho ndicho kinachotumika kama msingi hadi sasa. Katika mpangilio wao, kirukia cha Sigi kilichopewa jina na Engler si spishi ya peke yake tena. Ni nususpishi ya kirukia cha Usui: *Phragmanthera usuiensis* nususpishi *sigensis*. Mimea miwili iliyokusanywa pande mbili za Tanzania, mmoja magharibi mwa Ziwa Victoria na mwingine karibu na bahari, ikatambuliwa kuwa ndugu wa tumbo moja.

Na *Loranthus* yenyewe? Imebaki na spishi chache za Ulaya na Asia, kama *Loranthus europaeus* inayoota juu ya mialoni. Hakuna kirukia cha Afrika kinachobeba jina hilo kihalali.

Ushahidi ulio kwenye nywele na chavua

Uamuzi wa namna hii hautolewi kwa kura. Hutolewa kwa vitu vinavyoonekana, na vingine huonekana kwa lenzi ya mkononi ya bei ndogo.

Chukua kitawi kichanga cha *Phragmanthera*. Kwa macho matupu kina vumbi la rangi ya kutu, hasa kwenye vichipukizi na sehemu ya chini ya majani machanga. Kwa lenzi, lile vumbi ni nywele, na nywele zenyewe si nyuzi za kawaida. Kila moja ina mhimili mmoja uliosimama, na kuuzunguka mhimili huo kuna matawi mafupi yaliyojipanga kwa ngazi. Kisha fungua ua ambalo bado halijapasuka na utazame vifuko vya chavua. Katika virukia vingi kila kifuko ni chumba kirefu kisichogawanywa. Katika *Phragmanthera* kuta nyembamba zimekingama ndani yake na kukigawanya kuwa vyumba vidogo vingi, na jina la jenasi limetokana na kuta hizo. Van Tieghem aliziona zaidi ya miaka 125 iliyopita akiwa na hadubini ya wakati wake. Waliompuuza walikuwa na vielelezo vilevile mezani, ila hawakuupa uzito ushahidi ule.

Ua lenyewe lina ufundi wa kushangaza. Lina rangi ya manjano hadi ya chungwa, limekaa kama mrija uliofungwa juu, na ndani yake kuna nekta. Halifunguki lenyewe kwa wepesi, linamsubiri ndege. Chozi anapochomeka mdomo wake mwembamba kwenye nafasi zilizo ubavuni mwa ua, petali huachia ghafla, stameni hujikunja kwa nguvu, na chavua humrukia kichwani. Anaondoka nayo hadi ua la kirukia kingine. Maurice Evans aliieleza tabia hii ya maua ya virukia huko Natal, Afrika Kusini, katika jarida la *Nature* mwaka 1895. Miaka 80 baadaye, mwaka 1975, Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti wao kuhusu machozi wa Afrika Mashariki wanaokula kwenye maua ya virukia, wakipima nguvu anayotumia ndege na nguvu anayoipata. Utafiti huo bado unasomeshwa vyuoni kama mfano wa namna ya kupima uchumi wa maisha ya mnyama porini.

Ndugu wa mbali, ndugu wa karibu

Ukipanda juu ya jenasi, kirukia cha Usui kimo katika familia ya Loranthaceae, yenye jenasi zipatazo 75 na spishi karibu 1,000 duniani. Juu ya familia ipo oda ya Santalales. Hapa ndipo uainishaji unapotufungua macho zaidi, kwa sababu wanaofanana kwa maisha si lazima wawe wamezaliwa pamoja.

Kirukia maarufu kuliko vyote duniani ni *Viscum album*, kile ambacho watu wa Ulaya hukitundika majumbani wakati wa Krismasi. Nacho huishi juu ya matawi, hupandwa na ndege na kunata kwa ulimbo. Lakini maua yake ni madogo mno, ya rangi isiyovutia, na nasaba yake ni nyingine. Kuna wanaokiweka katika familia yake ya Viscaceae, na mfumo unaofuatwa na hebaria nyingi sasa unakiingiza katika Santalaceae. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba ndani ya oda hii mimea iliacha kunyonya mizizi na kuhamia matawini mara tano, kila kundi kwa njia yake. Tunachokiita kirukia ni namna ya kuishi iliyobuniwa na koo tano tofauti.

Wapo *Viscum* wa kwetu pia. *Viscum fischeri* ya Afrika Mashariki ilileta gumzo mwaka 1975, Wiens na Bryan Barlow walipoeleza katika jarida la *Science* mpangilio wa ajabu wa kromosomu unaoamua jinsia ya mimea hii: mmea dume una kromosomu 23, jike 22.

Jamaa mwingine wa oda hii anajulikana vizuri zaidi na polisi wa misitu kuliko wanabotania. Ni msandali, *Osyris lanceolata*, unaong'olewa mpaka mizizi kwa ajili ya mafuta yenye harufu nzuri. Msandali ni nusu-kimelea wa chini ya ardhi: mizizi yake hushika mizizi ya mimea jirani na kunyonya. Kwa mfumo wa sasa umo katika familia moja na *Viscum*. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Anayetaka kuuotesha upya lazima ajue ukoo wake, kwa sababu mche wa msandali usiopewa jirani wa kunyonya hudumaa.

Na kama tunataka kujua mababu wa Loranthaceae waliishi vipi, jibu limesimama Australia Magharibi. *Nuytsia floribunda* ni wa familia hii hii, lakini ni mti kamili wenye shina, uliosimama ardhini na kunyonya mizizi ya majirani. Hali hiyo ndiyo kongwe, na kupanda juu ya matawi kulikuja baadaye.

Adui wa tawi, rafiki wa msitu

Nimewasikia wakulima na hata maofisa wakisema kirukia ni ugonjwa na kinapaswa kumalizwa popote kilipo. Hasara kwenye shamba ni ya kweli na sitaidharau. Mparachichi au mchungwa uliosheheni virukia hupoteza nguvu, na mkulima aliyewekeza miaka mitano kungoja mavuno ana haki ya kuulinda mti wake.

Ila msituni hesabu ni nyingine. Maua ya virukia huwalisha machozi, na matunda huwalisha vitororo. Viwavi wa vipepeo wa jenasi ya *Mylothris* na ya *Iolaus* hula majani ya familia hii, na spishi nyingi za vipepeo hao haziwezi kuishi bila hayo. Majani ya kirukia yana madini mengi, na yakianguka hurutubisha udongo chini ya mti. Mwaka 2001 David Watson wa Australia aliandika kwamba virukia ni nguzo ya uhai wa misitu mingi duniani. Kisha yeye na Matthew Herring wakajaribu jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa ukubwa ule: waliondoa virukia vyote katika vipande kadhaa vya mwitu huko New South Wales, wakaviacha katika vingine, na baada ya miaka mitatu wakahesabu ndege. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yanapaswa kumfikirisha kila mwenye dhamana ya misitu. Vipande vilivyoondolewa virukia vilipoteza takriban moja ya tano ya spishi zao za ndege. Kwa ndege wakaazi wanaotegemea mwitu hasa, upotevu ulizidi robo.

Kwa hiyo pa kukata ni shambani, na kukata kwenyewe kuna adabu yake. Kuchuma majani au kuvunja shina la kirukia hakusaidii, maana hostoria imebaki ndani ya mti na itachipua tena. Tawi lililoshambuliwa hukatwa chini ya mahali kilipojishika, kama sentimita 30 kuelekea shina la mti, na kazi ifanyike kabla matunda hayajaiva ili vitororo wasiwe wameshasambaza mbegu. Lakini kumbuka kwamba virukia havijishiki kwa namna moja. Baadhi hukaa kwenye donge moja lililovimba. Vingine hutambaza mizizi juu ya gamba na kuuma tawi mahali pengi. Anayejua aina aliyonayo anajua pia mpaka wapi pa kupeleka msumeno. Huo ndio uzito wa uainishaji shambani.

Kazi iliyobaki ni yetu

Jina la spishi halielei hewani. Limefungwa kwenye kielelezo kimoja kilichokaushwa, chenye tarehe na mahali, kilichohifadhiwa kwenye kabati fulani. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliiteketeza hebaria ya Berlin, na sehemu kubwa ya vielelezo vilivyotoka Afrika Mashariki wakati wa Wajerumani ikaungua. Wataalamu waliokuja baadaye walilazimika kutafuta nakala zilizopelekwa kwingine, na pale ambapo nakala haikuwapo, kurudi msituni.

Hapa kwetu tuna akiba ya kujivunia. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Tanzania ina hebaria yake ya taifa Arusha. Makabati hayo yanahitaji vitu viwili: vielelezo vipya na macho mapya. Misitu inakatwa, miti ya kigeni kama mgrevilea na mparachichi inapandwa kwa kasi, na virukia vinahamia kwenye wenyeji ambao Grant na Engler hawakuwakuta mashambani. Mabadiliko haya hayawezi kuandikwa na mtu anayekaa London au Berlin. Yanaandikwa na mwalimu wa baiolojia wa Muleba, ofisa ugani wa Lushoto, mwanafunzi wa Meru anayepita chini ya miti hiyo kila siku.

Utaratibu wenyewe uko ndani ya uwezo wao. Chuma kitawi chenye maua, na kingine chenye matunda kama yapo, kikiwa bado kimeshika kipande cha mti mwenyeji. Kikaushe kati ya magazeti, ukiyabadilisha kila siku mpaka kikauke kabisa. Andika tarehe, kijiji, mwinuko, rangi ya ua kabla haijafifia, na jina la kirukia kwa lugha ya mahali hapo. Zaidi ya yote, andika jina la mti kilipokutwa, kwa sababu kielelezo cha kirukia kisichotaja mwenyeji wake kimepoteza nusu ya habari. Kisha kipelekwe hebaria. Shule kumi zikifanya hivyo kwa mwaka mmoja, tutajua kuhusu virukia vya mashamba yetu mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote, na mkulima atakayeuliza akate au aache atapata jibu lililotafitiwa katika kijiji chake mwenyewe.